Kutambua Matoleo ya Ndege za Vita vya Katanga, 1960–1963

Uwanja wa Kengere, nje kidogo ya mji wa Kolwezi, ulikuwa ngome ya mwisho ya jeshi la anga la Katanga. Jimbo hilo lilitangaza kujitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, na askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Kolwezi tarehe 21 Januari 1963. Katika muda huo anga ya ukanda wa shaba ilipitiwa na ndege za kivita za asili tofauti sana. Upande wa Katanga kulikuwa na ndege za mafunzo zilizotiwa silaha, yaani Fouga Magister ya Ufaransa na Harvard iliyobuniwa Marekani kabla ya Vita Kuu ya Pili, pamoja na ndege ndogo za abiria zilizogeuzwa kuwa za kudondosha mabomu. Upande wa ONUC, jeshi la Umoja wa Mataifa nchini Kongo, kulikuwa na jeti za kivita kutoka Uswidi, Ethiopia na India.

Picha za ndege hizo zimesambaa katika vitabu, majumba ya makumbusho na makusanyo ya familia za watu waliofanya kazi migodini. Nyingi zina maelezo mafupi yanayotaja aina peke yake, na mengine yamekosea hata aina. Msomaji anayetaka kujua picha ilipigwa lini, na ndege iliyomo iliweza kufanya nini, hana budi kwenda mbele zaidi ya jina la aina. Aina ni muundo wa msingi uliotoka kwa mbunifu. Toleo ni hatua mojawapo ya muundo huo, yenye injini, mabawa, silaha au mafuta yaliyobadilishwa. Ndege mbili za aina moja zaweza kutofautiana kwa mamia ya kilomita za safari, na tofauti hiyo ndiyo iliyoamua mambo mengi mwaka 1961.

Daraja za ushahidi

Alama za kutambulisha ndege hazina uzito sawa. Ya kwanza kwa uzito ni umbo: jinsi mkia ulivyokaa, bawa lilivyoungana na kiwiliwili, vioo vya chumba cha rubani vilivyogawanywa, magurudumu yanavyokunjwa. Umbo halibadiliki bila kazi kubwa ya karakana.

Ya pili ni bati la kiwanda. Hicho ni kipande kidogo cha chuma kilichopigiliwa ndani ya chumba cha rubani au kwenye fremu, chenye namba ya mtengenezaji. Bati husema ndege ilizaliwa wapi, lakini halisemi kila kilichobadilishwa baadaye. Tena hupatikana pale tu ambapo ndege au mabaki yake yapo.

Ya tatu ni namba iliyoandikwa ubavuni au mkiani. Namba ya kijeshi husaidia sana iwapo orodha ya namba za jeshi husika inajulikana. Tatizo lake ni kwamba huandikwa kwa rangi na hufutwa kwa rangi.

Ya nne, iliyo dhaifu kuliko zote, ni rangi yenyewe na nembo. Bendera ya Katanga, yenye nyekundu, kijani na nyeupe na misalaba mitatu ya shaba, inathibitisha mwenye ndege wakati wa picha, haithibitishi toleo. Katika vita ambamo ndege zilinunuliwa kwa mikono ya mawakala na kupitishwa nchi kadhaa kabla ya kufika, kuanza na rangi ni kujitafutia makosa.

Kwa hiyo kanuni ya kazi ni kushuka kutoka umboni hadi kwenye rangi, na pale ushahidi unapogongana, umbo ndilo huaminiwa.

Fouga Magister

Hakuna ndege ya vita hivi iliyo rahisi kutambulika kwa aina kama Magister. Mkia wake hauna kipande cha wima. Una mabapa mawili yaliyosimama kwa mshazari na kufanya umbo la herufi V. Mabawa yamenyooka, kila ncha imebeba tangi la mafuta, na viti viwili vimepangwa mmoja nyuma ya mwingine. Injini mbili ndogo za Turbomeca Marboré zimebanwa ubavuni mwa kiwiliwili. Magurudumu ni mafupi mno, hata ndege ikiegeshwa tumbo lake huonekana kukaribia kugusa ardhi. Ndege ya kwanza ya aina hii iliruka tarehe 23 Julai 1952.

Matoleo makuu ni matatu. La kwanza, CM.170-1, lina injini za Marboré II, kila moja ikitoa msukumo wa kilo 400 hivi. La pili, CM.170-2 au Super Magister, lina Marboré VI yenye msukumo wa kilo 480 hivi. Kwa nje mawili haya hufanana sana, na picha ya mbali haitoshi kuyatenganisha. La tatu, CM.175 Zéphyr, ni la jeshi la majini la Ufaransa. Lina ndoana ya kunasia waya chini ya mkia kwa ajili ya kutua melini, na vifuniko vyake vya vioo huteleza kwenda nyuma, wakati vya Magister ya kawaida hufunuliwa kwenda juu. Alama nyingine ya familia nzima ni periskopu ndogo iliyotokeza juu ya kiti cha nyuma, ambayo mwalimu aliitumia kuona mbele ya kichwa cha mwanafunzi.

Magister za Katanga zilikuwa tatu, zote za toleo la kwanza. Zilifika uwanja wa Luano, Élisabethville (leo Lubumbashi), Februari 1961, zikiwa zimefunguliwa vipande na kubebwa ndani ya ndege kubwa ya mizigo ya Boeing. Zilipewa namba KAT-91, KAT-92 na KAT-93. Moja ilipotea ajalini katikati ya mwaka huo. Nyingine ilikamatwa na askari wa ONUC huko Luano tarehe 28 Agosti 1961, siku ya operesheni ya kuwatoa maofisa wa kigeni katika jeshi la Katanga. Ikabaki moja, KAT-93, iliyofanya kazi kutoka Kolwezi.

Silaha zake zilikuwa hafifu: bunduki mbili nyepesi za rashasha puani, na nafasi chini ya mabawa kwa roketi au mabomu madogo. Hata hivyo, Septemba 1961 ONUC haikuwa na ndege yoyote ya kivita. Magister hiyo moja iliwashambulia askari wa ONUC kutoka Ireland waliozingirwa Jadotville (leo Likasi) kati ya tarehe 13 na 17, na ikaharibu ndege za usafirishaji zilizoegeshwa viwanjani. Kwa kuwa ilionekana Jadotville, Élisabethville na Kamina ndani ya siku chache, waliokuwa ardhini waliweza kudhani zipo kadhaa. Hapo namba ya mkiani ilikuwa na kazi yake: picha mbili za siku tofauti zenye KAT-93 ni za ndege moja.

Harvard na T-6

Harvard ni ndege ya wakati wa Vita Kuu ya Pili iliyotumika katika ukanda wa shaba, na ndiyo yenye matoleo mengi ya kutatanisha. Ilibuniwa na kampuni ya North American kama ndege ya mafunzo ya juu kwa marubani wa kivita. Jeshi la Marekani liliiita AT-6 na baadaye T-6. Nchi za Jumuiya ya Madola ziliiita Harvard. Kwa jumla zilitengenezwa zaidi ya 15,000.

Aina hutambulika kwa alama nne: injini ya duara mbele, kifuniko kirefu cha vioo chenye fremu nyingi juu ya viti viwili, gurudumu dogo mkiani, na magurudumu makuu yanayokunjwa kuelekea katikati ya ndege. Mlio wake pia ni alama. Injini ya Pratt & Whitney Wasp ya nguvu farasi 600 huzungusha rafadha moja kwa moja bila gia ya kupunguza mzunguko. Ncha za rafadha hukaribia kasi ya sauti wakati wa kuruka, na ndege hutoa mkwaruzo mkali unaosikika mbali.

Matoleo hutenganishwa hivi. Harvard Mk I, ya miaka ya mwisho kabla ya vita, ina usukani wa mkia ulioviringika kwa nyuma na ncha za mabawa za mviringo, na sehemu ya nyuma ya kiwiliwili imefunikwa kitambaa juu ya mabomba ya chuma. Kuanzia Mk II usukani una ukingo ulionyooka wenye pembe chini, ncha za mabawa zimekatwa karibu mraba, na kiwiliwili cha nyuma ni cha chuma chepesi kilichopigwa ribiti. Tofauti hiyo huonekana hata katika picha mbaya.

Mk IIA ni AT-6C ya Marekani kwa jina la Kiingereza. Baadhi ya ndege za kundi hilo zilitengenezwa kwa plaiwudi sehemu ya nyuma ya kiwiliwili ili kuokoa aluminiamu wakati vita vilipokuwa vikali. Uso laini usio na mistari ya ribiti nyuma ya chumba cha rubani ni dalili ya kundi hili. Mk III ni AT-6D, na tofauti yake kubwa ni umeme wa volti 24 badala ya 12, jambo lisiloonekana kwa nje na linalohitaji bati la kiwanda. Mk IIB ilijengwa Kanada na kampuni ya Noorduyn huko Montreal. Katika mfumo wa namba za Uingereza, namba zinazoanza na FE au KF huelekeza kwa Noorduyn, na nyingi za EX huelekeza kwa Mk IIA.

Ekzosi nayo husaidia. Harvard nyingi zina bomba refu linalopita ubavu wa kulia hadi karibu na bawa, kwa kuwa joto lake lilitumika kupasha chumba cha rubani katika baridi ya Kanada. T-6 za Marekani kwa kawaida zina bomba fupi lililokatwa karibu na injini. Lakini bomba hubadilishwa karakanani kwa urahisi, hivyo lihesabiwe ushahidi wa kuunga mkono tu.

Baada ya vita yalikuja matoleo mawili ya mwisho. T-6G ni ndege za zamani zilizojengwa upya kuanzia 1949. Vioo vyake vina fremu chache, matangi ya mafuta yameongezwa, na gurudumu la mkiani huongozwa kwa pedali. Harvard 4 ilitengenezwa upya kabisa Kanada katika miaka ya 1950 na kampuni ya Canadian Car and Foundry, kwa kufuata mengi ya maboresho ya T-6G.

Katika Kongo, Harvard zilijulikana kwanza Kamina. Katika kambi hiyo kubwa ya Ubelgiji, kaskazini mwa Kolwezi, marubani wa Kibelgiji walipata mafunzo ya juu katika miaka ya 1950. Julai 1960, baada ya uasi wa jeshi la Kongo, Wabelgiji walizitumia ndege hizo zikiwa na bunduki na roketi. Kwa hiyo picha ya Harvard yenye silaha iliyopigwa Kamina mwaka 1960 huenda ni ya Ubelgiji, na iliyopigwa Kengere mwaka 1962 ni ya Katanga, iliyopata T-6 na Harvard zake katika mwaka huo. Kwa kuwa zilitoka kwa wauzaji mbalimbali, hakuna sababu ya kutarajia kwamba zote zilikuwa toleo moja. Kila picha ipimwe peke yake.

Harvard pia hubadilishwa sura. Katika filamu ya Tora! Tora! Tora! ya mwaka 1970, Harvard zilifanyiwa ukarabati ili zionekane kama ndege za kivita za Kijapani aina ya Zero. Mtazamaji aliyeangalia mzizi wa bawa na jinsi magurudumu yanavyokunjwa hakudanganyika.

Dove na Dornier

Katanga ilitumia pia ndege ndogo za abiria kudondosha mabomu. De Havilland Dove ina injini mbili na gurudumu la mbele puani, na paa la chumba cha marubani limeinuka kama nundu. Hufananishwa na Heron ya kampuni hiyo hiyo, lakini Heron ina injini nne.

Dornier Do 28 ya Ujerumani Magharibi ina sura isiyofanana na nyingine: injini zake mbili hazikai mabawani bali zimebebwa na vishikio vifupi ubavuni mwa pua, na magurudumu yananing'inia chini yake bila kukunjwa. Ilitokana na Do 27, yenye injini moja puani. Uwezo wake wa kuruka na kutua katika viwanja vifupi vya udongo uliifanya ifae katika jimbo lenye viwanja vingi vya migodi.

Jeti za ONUC

Somo la Septemba 1961 lilieleweka haraka. Oktoba mwaka huo ONUC ilipokea jeti za kivita kutoka nchi tatu, na kuanzia hapo ndege za Katanga hazikuwa salama hata zikiwa zimeegeshwa.

Uswidi ilileta Saab 29, inayoitwa Tunnan, yaani pipa, kwa sababu ya kiwiliwili chake kifupi na kinene. Tundu la kuvutia hewa liko puani, bawa limekaa juu ya ubavu na kulala nyuma kwa nyuzi 25. Matoleo yake ni rahisi kupanga. J 29A ni la kwanza. J 29B lina mafuta zaidi ndani ya mabawa na nafasi za kubeba silaha chini yake. S 29C ni la upelelezi, ambapo mizinga minne ya milimita 20 iliyo chini ya pua imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na kamera. J 29E na J 29F zina jino dogo lililotokeza katika ukingo wa mbele wa bawa, na F imeongezwa kifaa cha kuchoma mafuta nyuma ya injini. Kwa herufi za Uswidi, J ni ya kivita na S ni ya upelelezi. Katika Kongo zilitumika B, na kuanzia mwisho wa 1962 pia C. Tunnan yenye mizinga na jino bawani haiwezi kuwa ya vita vya Katanga, hata maelezo ya picha yaseme nini.

Ethiopia ilileta F-86F Sabre nne. Nayo ina tundu la hewa puani, hivyo huchanganywa na Tunnan. Tofauti ni tatu: bawa la Sabre liko chini ya kiwiliwili, limelala zaidi, nyuzi 35, na bunduki zake sita za milimita 12.7 zimepangwa tatu tatu ubavuni mwa pua, wakati mizinga ya Tunnan iko chini. Kati ya Sabre zenyewe, F-86D hutambulika mara moja kwa pua nyeusi ya rada juu ya tundu la hewa.

India ilileta Canberra B(I)58. Ni ndege kubwa yenye injini mbili zilizopachikwa katikati ya mabawa. Toleo hili lina kioo cha rubani kama kile cha ndege ya kivita, kilichosogezwa upande wa kushoto, na pakiti ya mizinga minne chini ya tumbo. Canberra ya upelelezi ya India, PR.57, ina kioo kilichokaa katikati na haina pakiti hiyo. Canberra zilishambulia Kengere Desemba 1961. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 29 Desemba 1962, siku ya pili ya operesheni ya ONUC iliyoitwa Grandslam, zamu ilikuwa ya Tunnan, na ndege nyingi za Katanga ziliteketea zikiwa chini. Canberra hazikuwepo tena wakati huo, kwa kuwa India ilikuwa imeziita nyumbani kwa sababu ya vita vyake na China. Kwa hiyo picha ya Canberra juu ya Katanga ni ya kabla ya Grandslam.

Toleo na suala la Ndola

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, DC-6B yenye namba SE-BDY, iliyojulikana kama Albertina, ilianguka karibu na Ndola, Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia). Ilimbeba Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, aliyekuwa akienda kukutana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga. Kati ya watu 16 waliokuwemo, 15 walikufa papo hapo au walikutwa wamekufa, na mmoja, Harold Julien, alifariki siku chache baadaye hospitalini.

Magister ilishukiwa mapema kuwa iliishambulia ndege hiyo, kwa sababu ilikuwa jeti pekee ya Katanga iliyobaki. Hapo toleo linageuka kuwa hesabu. Kutoka Kolwezi hadi Ndola ni takriban kilomita 430 kwa mstari mnyoofu, yaani 860 kwenda na kurudi. Magister ya toleo la kwanza, matangi ya ncha za mabawa yakiwa yamejaa, ilikadiriwa kusafiri kilomita 925 hivi. Ziada ni ndogo mno kwa ndege ambayo ingepaswa pia kumtafuta mlengwa gizani bila rada. Ikiwa iliruka kutoka uwanja ulio karibu zaidi na mpaka, hesabu inabadilika kabisa. Dornier na Dove, zenye kasi ndogo lakini zinazokaa hewani muda mrefu, zinahitaji hesabu yao wenyewe.

Ndiyo maana uchunguzi mpya wa Umoja wa Mataifa haukuishia kwa Magister. Jopo la mwaka 2015 liliongozwa na Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa Tanzania wa wakati ule hadi mwanzo wa 2017, ambaye baadaye aliendelea na kazi hiyo peke yake kwa ripoti kadhaa. Ripoti zake zilipitia upya ndege zote ambazo Katanga ingeweza kuzitumia, pamoja na marubani na viwanja. Ripoti ya 2017 ilisema inawezekana kwamba shambulio au tishio kutoka nje lilichangia ajali hiyo.

Ndege zisizo za kipindi hiki

Kazi ya mwisho ya utambuzi ni kuondoa picha zilizoingizwa kimakosa katika vita vya kujitenga. T-28, yenye injini ya duara na kifuniko cha vioo kama Harvard, ilianza kutumika na serikali ya Kongo mwaka 1964. Hutofautishwa na Harvard kwa gurudumu lake la mbele puani. T-28A ina injini ya nguvu farasi 800 na rafadha ya mapanga mawili. T-28B ina farasi 1,425 na mapanga matatu. T-28D ni zile zilizofanyiwa marekebisho ya kubeba silaha chini ya mabawa. B-26K, yenye injini mbili za rafadha, nayo ni ya miaka hiyo.

Mirage 5 yenye bawa la pembetatu na MB-326 ya Italia ni za jeshi la anga la Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, katika miaka ya 1970. MB-326 ina viti viwili vilivyofuatana na matangi kwenye ncha za mabawa, hivyo kwa mbali huweza kudhaniwa Magister. Mkia humaliza shaka: wa MB-326 una bapa la wima la kawaida. Picha ya ndege hiyo ikiwa imeharibika katika uwanja wa Kolwezi ihusishwe na mapigano ya Mei 1978, mji ulipotekwa na waasi waliotoka Angola na kukombolewa na askari wa miamvuli wa Ufaransa na Ubelgiji, na si na kuanguka kwa Katanga miaka 15 kabla.